Nati Zikazwe Watu Wakiwa Ndani

Mpendwa dada Tusekile,

"Ajali haina kinga, shemeji. Gari linatembea, tuliache liende."

Maneno hayo ni ya mume wako. Aliyasema uani kwenu Kihesa, mkono mmoja mfukoni, mwingine ukipigapiga ubavu wa haisi yako, kibasi chako cha misiba, kama mtu anayemsifia mnunuzi ng'ombe mgonjwa. Unajua nimebishana na watu magazetini hadi nywele zimeota mvi, na hoja mbovu nimezizoea. Hii inanichefua kuliko zote kwa sababu inajifanya unyenyekevu. Kama ajali haina kinga, breki zilitengenezwa za nini? Mbona yeye hufunga mlango wake kwa komeo, wakati mwizi naye hapigi hodi? Methali ile ni ya kumfariji aliyekwisha kupatwa. Ukiitamka kabla ya safari haifariji mtu. Unakuwa unaomba msamaha wa kosa ambalo bado una nafasi ya kutolitenda.

Nikueleze yaliyotokea, maana ni gari lako, na aliyetakiwa kupanda ni Mama.

Kaburi lako huku Mbeya limeshajengewa, dada. Ndugu walikubaliana Mama aletwe kutoka Iringa alione. Bado anaishi kwenye chumba kile ulichompa, kinachotazama miparachichi ya jirani. Mgongo wake unaujua. Siku ya kukuzika tulimleta kwa gari la kukodi, mume wako hakutaka lako liguswe, na gari lile lilitugongesha njia nzima. Mama alishuka amekunjika. Ulipofika wakati wa kutupa udongo alishindwa kusimama. Alibaki kwenye kiti cha plastiki, udongo wake akautupa mtu mwingine. Tangu hapo akaapa hapandi tena gari la Mbeya. Nikamwahidi kwamba safari hii tutatumia gari lako na hatatikisika. Nilimwahidi kabla sijalisikia.

Nilipofika Iringa nililitoa uani kwenu nikaenda nalo sokoni tu. Ngo! Kila kibonde, ngo! Usukani ulivuta kushoto kama mbuzi anayekataa kamba. Niliposhuka nikakuta tairi la mbele limelika upande wa ndani. Nilijua kabla sijainama kwamba ni bushi, zile pete za mpira zilizovikwa chuma, zinazokaa pale mkono wa gurudumu unaposhikana na mwili wa gari. Zikichakaa, chuma kinapiga chuma, na kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi mgongoni mwa abiria.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Unaikumbuka safari ile uliyobeba wafiwa wa mwalimu mmoja? Nilikukuta gereji ya hapa Iyunga, haisi imesimama juu ya shimo, fundi yuko chini, na wewe umesimama mlangoni na kanga kiunoni, unaamrisha wafiwa.

"Mama zangu, ingieni mkae, tunakaza!"

Shangazi mmoja mnene akakuuliza, "Sisi tunakwenda msibani au tunapimwa kilo?"

"Mnapimwa, shangazi. Wewe kaa upande wa pili, usije ukalilaza gari zima."

Watu waliokuwa wanalia walicheka, na wewe ukabaki na uso mkavu kama hakimu. Kisha ukanivuta pembeni ukanieleza. Bushi inaweza kuingizwa gurudumu likiwa juu, lakini nati haikazwi mpaka gari lisimame kwa miguu yake na kubeba mzigo wake. Ukikaza gurudumu linaning'inia, ukishusha jeki ule mpira unajipinda siku ileile ya kwanza, unaishi umejipinda, na haukawii kuchanika. Nikakuuliza kwa nini usilijaze gari mifuko ya viazi badala ya watu. Ukanitazama kana kwamba sijawahi kufungua kitabu.

"Hawa wameshatikiswa na kifo," ukasema. "Mimi siwatikisi mara ya pili. Na wakae waone ninavyowaandalia safari yao."

Watu wa Iringa walikuita mama wa misiba. Hukuwahi kulikataa jina hilo.

Basi nikalipeleka gari lako gereji ya kulekule Iringa. Fundi, bwana mmoja mwenye kofia ya sufu na ulimi mwepesi, alitikisa gurudumu, akacheka, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na kipande cha tairi kuukuu na kisu.

"Dakika mbili tu, bosi. Nachonga hapahapa, napachika, unaondoka."

"Hutapachika hicho kwenye gari hili."

"Mpira ni mpira, bosi."

"Ingekuwa hivyo, ungevaa kandambili kichwani. Tairi limetengenezwa lisuguane na lami. Bushi imetengenezwa ijipinde na kurudi. Hicho kitageuka unga kabla hatujafika Mafinga."

"Kwani wewe ni fundi au mhubiri?"

"Mimi ni mdogo wake Tusekile."

Kisu kikashuka. "Yule mama wa misiba? Haya, kanunue za dukani. Sitaki marehemu aje kunigombeza ndotoni."

Nikarudi na bushi mpya na hotuba yangu tayari kichwani, ya mafundi wanaouza vifo kwa vipande vya tairi. Hakunipa nafasi. Aliifungua mikono ile ya gurudumu, akazitoa bushi za zamani kwa presi, mashine ya kukandamizia, mpira ukimomonyoka kama ugali uliolala, huku akisema bila kunitazama: "Usinikunjie uso. Tairi hili sikulitafuta mimi. Wenye magari wanakuja nalo kwapani. Nikikataa wanavuka barabara, jirani anawachongea." Alikuwa amenihamishia adui, dada, kutoka kwa mafundi kwenda kwa wenye magari.

Alipomaliza kuzirudisha, gari likiwa bado juu ya jeki, akashika spana kubwa akaanza kukaza. Nikapiga kelele mtaa mzima ukageuka. Nilimtaka alishushe, tulisukume hadi juu ya shimo, tuingize watu. Alisema hajawahi kuona ushamba kama huo. Lakini alishusha.

Watu niliwatoa wapi? Nikawaomba akina mama wa genge la jirani, wakaja na vitunguu vyao mikononi. "Kamwene, tunakwenda wapi?" mmoja akanisalimu na kuuliza akipanda. "Hatuendi popote, mama, tunakaza." "Safari nzuri hiyo, haina nauli!" Wakajazana, wakacheka, wakaanza kuteta habari za mtu wa mtaani ambazo sitakuandikia. Ikabaki nafasi moja, ya dereva. Mume wako alikuwa amefika, amesimama kando na mikono yake mfukoni.

"Ingia ukae, shemeji."

Hakutaka. Akina mama wakamzomea: "Baba, panda, unatuchelewesha kutokwenda!" Akapanda. Akashika usukani kwa mikono miwili na kuinama, na kicheko cha nyuma kikafifia chenyewe.

"Tangu aondoke sijakaa hapa," akasema. "Nimekuwa nawapa vijana waendeshe. Sikutaka hata kulisikia linavyolia."

Kwa hiyo alikuwa analisikia. Nilimhurumia mtu yule, dada, nikamshika bega kupitia dirishani. Hoja yake sikuihurumia na siihurumii leo. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na nati zilikuwa zimelegea vilevile. Chini yetu spana ililia, nati baada ya nati.

Tuliondoka asubuhi, baada ya kupeleka gari likanyooshwe magurudumu. Aliendesha yeye. Mama alipanda kwa shingo upande, amebeba mto wa mgongo na mwingine wa akiba, akashika kiti cha mbele kama mtu anayengoja kipigo. Tulipofika Makambako mkono wake ulikuwa umelegea. Tulipofika Igawa alikuwa amelala, mdomo wazi. Mume wako alinitazama kwenye kioo, hakusema methali yoyote.

Mama aliamka tumefika Uyole. "Mbona sikusikia njia?" akauliza, karibu kwa hasira, kama aliyeibiwa kitu.

Kaburini alikataa kiti. Alisimama, akainama mwenyewe, akachota udongo wa pembeni mwa saruji na kuuweka juu yako kwa mkono wake. "Ndaga, mwanangu," alisema, akikushukuru. Mengine alikwambia Kinyakyusa kwa sauti ya chini, nikaondoka niwaache.

Ungedhani sasa nimetulia. Sijatulia. Nyumba yangu iko karibu na barabara kuu, na magari ya misiba yanapita, kitambaa cheupe kikipepea kwenye kioo, watu wakiimba ndani. Chini ya nyimbo nasikia ngo, ngo. Naacha kalamu, natoka hadi barabarani. Juzi nilimfuata dereva mmoja aliyesimama kununua maji, nikamwonyesha tairi lake. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee, ajali haina kinga." Nyuma yake, dirishani, kulikuwa na bibi ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Kwaheri, dada. Lala njia ikiwa laini. Barua hii naiweka wazi kwa sababu haikuhusu wewe peke yako.

Ninyi mnaokodisha magari ya misiba kati ya Iringa na Mbeya, na mnaokwenda gereji na kipande cha tairi kwapani, nawaambia: kitupeni. Wekeni bushi za kweli. Kisha kabla hamjampakia mama wa mtu mwingine, lisimamisheni gari kwa miguu yake, ingieni ninyi wenyewe mkae, na fundi akaze.

Mdogo wako wa Iyunga