Uso wa Salvatori

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Shingo ya farasi wa tatu wa udongo imekaa. Mpito mmoja tu wa gumba, kutoka masikioni hadi mabegani, basi. Ukiichezea zaidi inakufa. Udongo unaisha na Salvatori sijamwona toka Alhamisi. Ndiye anayeuchimba kwao Carama na kuniletea kwa baiskeli. Tunakunywa chai, ananitania kwamba watu wangu wote wa udongo ni vipofu. Mizinga imelia upande ule mchana kutwa. Naogopa.

Jumatano, 6 Septemba
Kapteni wa bariyeri ya hapa Buyenzi, kizuizi cha askari barabarani, kaingia atelye yangu ya sanamu na askari wawili. Anataka sanamu yake, amepanda farasi. Nikaona mlango umefunguka. Nikamwomba karatasi ya kupita hadi Carama, nikamtafute rafiki yangu Salvatori.

"Sawa, muzee. Lakini mi nataka sura. Watu wako bila macho, apana."

Maisha yangu yote sijaweka uso. Mama, Mungu amrehemu, alinikanya: ukikipa kinyago uso, siku ya kiyama utaambiwa ukipulizie roho. Nimekasirika. Nimekubali.

Ijumaa, 8 Septemba
Msikitini sikwenda. Naona haya. Mpanda farasi amekaa vizuri, mgongo mstari mmoja. Uso ndio unanitesa. Vidole havijui pa kuanzia.

Jumamosi, 9 Septemba
Leo nimeviacha vidole vifanye vyenyewe. Nikarudi nyuma kutazama. Ya Rabi. Salvatori. Pua yake ileile pana, mdomo uleule unaotaka kucheka. Siku hizi mjini humu watu wanashushwa kwenye gari kwa ajili ya pua, eti inaonyesha kabila, na mimi nimeibandika juu ya mwili wa kapteni.

Sikupata muda wa kuifuta. Gari la kapteni likasimama mlangoni.

"Huyu ni nani?"

Nikachovya gumba kwenye maji. Akauliza tena, polepole. Nikapitisha gumba juu ya uso ule, kutoka paji hadi kidevu.

"Sijamaliza, afande."

Alinitazama sana. Karatasi hakutoa. Ameondoka. Nimemfuta rafiki yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Najichukia.

Jumapili, 17 Septemba
Kapteni hajarudi. Amekuja Mama Jeanine, mke wa Salvatori, kwa miguu. Walimzika Alhamisi ileile niliyomwona mwisho, karibu na shimo la udongo. Kumbe nilipokuwa naomba karatasi alikuwa ameshazikwa.

Nyumba imeungua, hata picha ya harusi haipo. Watoto wako Uvira, ng'ambo ya mpaka, naye anavuka kuwafuata. Ameniomba uso wa baba yao.

"Kaka, we unamujua."

Udongo sina. Nimemvunja mpanda farasi, nikamlowesha. Safari hii vidole havikusita. Pua nimeiacha ilivyo. Kuhusu roho, nitajibu nikiulizwa.

Nimemfunga Salvatori kwa kitambaa kibichi, nikamwambia mkewe amkaushe kivulini asipasuke. Ili askari wa mabariyeri wasimgundue, akamweka mgongoni na kumfunga kwa kitenge, kama mtoto mchanga. Nilisimama mlangoni. Alipofika kwenye kona nikaona mkono wake umeenda nyuma, anampigapiga taratibu.