Tuta Nyuma ya Chumba Changu

Jumamosi, 1 Machi 2025
Tuta limekamilika! Wiki nzima nimeumwa tumbo, nimejifungia ndani, ila leo nimeamka na nguvu. Nimepanga mawe nyuma ya chumba, nikajaza udongo na samadi mpaka usawa wa magoti. Mvua za hapa Nangwa hazitaozesha tena mboga zangu. Nimesia spinachi. Mwenye nyumba, Mama Marieta, alikuwa anachungulia dirishani. Nikampa shikamoo. Hakuitikia — labda hakusikia.

Jumatano, 12 Machi
Kuna kitu. Mama Marieta hanigongei tena twende kuchota maji. Jana niliomba kaa la moto, akasema moto umezimika. Na moshi nauona! Ofisini, Gidion, karani mwenzangu, amehamishia kikombe chake meza nyingine. Nimekagua barua zote nilizochapa. Sijakosea popote.

Ijumaa, 14 Machi
Gidion ameniita stoo, akabaki mlangoni. Watu wanasema nilikuwa mjamzito — kisa sweta langu kubwa — nikatoa mimba, nikazika nyuma ya chumba. Eti tuta gani fupi hivyo, limezungushiwa mawe?

"Uko kwenye metimani, dada. Na unaficha."

Metimani! Bibi alitusimulia kule Tlawi: aliyepoteza mtoto hachangii maji wala moto na wenzake mpaka atakaswe. Nilidhani ni mambo ya zamani. Nimecheka. Gidion hakucheka. Anasema balozi wa nyumba kumi anataka kufukua, na wengine wanataka polisi. Nifungwe kwa spinachi?

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda kanisani. Balozi, Mzee Hhando, amekuja na watu na majembe. Nimewaambia wafukue tu. Akasema tumsubiri mama yangu, wameshampigia simu. Nikafurahi! Mama atawaambia.

Amefika mchana. Nimekimbia kumpokea begi, akalishika mwenyewe. Shikamoo yangu ameiitikia akitazama tuta. Spinachi imeota vizuri, kijani kabisa. Nimemweleza yote mbele ya watu, amesikiliza mpaka mwisho. Nikamletea chai.

"Weka hapo chini, mwanangu."

Kisha akatoa chupa yake ya maji kwenye begi, akanywa.

Nimeingia ndani. Naandika kwa sababu sijui niiweke wapi mikono yangu. Nje Mzee Hhando anauliza waanzie upande gani.

Mama ndiye anayemwonyesha.