Somo la Nane la Mwalimu Hifadhi

Baba, leo mwaka umetimia tangu utuache, na kusema kweli tangu siku ile hakuna aliyekaa kitako nyumbani kwako. Mkeo humimina chai, huinuka kwenda kufuta kibodi ambayo haina hata chembe ya vumbi, akirudi chai imepoa, anaimwaga, anaanza upya. Kifungua mimba wako, dereva wa lori, hupiga simu kutoka njiani kuuliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Umefungwa. Baada ya nusu saa anauliza tena.

Lakini anayetutia wasiwasi zaidi ni kitinda mimba wako. Ndiye anayechapa maneno haya kwa niaba yetu sote, na tangu aanze ameshainuka mara nne.

Wewe unajijua, ila wapo watakaosoma haya wasikujue, basi vumilia tuwaeleze. Kwa miaka kumi na tisa ulifundisha watu kuandika kwa kompyuta katika chumba kilicho juu ya duka la viatu. Mashine kumi na moja zilifanya kazi. Ya kumi na mbili haikuwaka hata siku moja, na ulikataa katakata iondolewe, ukisema na yenyewe inahudhuria. Wanafunzi wako walikuwa watu wazima: mafundi cherehani, walinzi, makarani waliotishwa kwamba wasipojua kompyuta waanze kutafuta kazi nyingine, na mkunga mmoja mstaafu ambaye siku ya kwanza alikishika kipanya kama anayeogopa kitamng'ata.

Darasani hukukaa. Ulikuwa nyuma ya viti vyao, wima, mikono mgongoni, na kipanya cha mtu hukukigusa hata akulilie. "Kipanya chako, mama. Mimi hapa nina macho tu." Kila baada ya dakika kumi uligonga ukuta na kuita, "Hifadhi!" na vidole vyote chumbani vikatii. Ndipo mtaa mzima ukakubatiza Mwalimu Hifadhi. Hata nyumbani, mtu akisimulia jambo la kufurahisha, uligonga meza: "Hifadhi!"

Hukuwa mtu wa makuu, lakini kosa la herufi lilikunyima raha. Duka la dawa lilipoandika bangoni "Karibuni wagojwa", ulikwenda mara tatu kumbembeleza mwenyewe aongeze ile n. Mara ya tatu ulikwenda na kopo la rangi.

Sasa tuje kwa kitinda mimba wako. Alijiunga na darasa lako, akasoma wiki saba, wiki ya nane akapata kazi kwenye duka la simu.

"Baba, haya mengine nitayaokota njiani," alikuambia huku anavaa viatu.

"Somo la nane haliokotwi njiani. Ni la watu wenye haraka kama wewe."

"Basi nitalipata siku nyingine."

"Au litakupata lenyewe."

Likampata siku tuliyokuzika. Asubuhi ile waombolezaji wameshaanza kufika, mwenye steshenari anasubiri kuchapisha ratiba ya mazishi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na akili ya kuandika mistari miwili. Jirani, ambaye naye alikuwa ametoka kumzika mama yake, akatutumia ratiba yao kwa simu. Kitinda mimba akabadilisha jina, akabadilisha tarehe. Palipoandikwa "alitunyonyesha" alipaona, akapafuta. Halafu, kwa kuwa neno mama lilikuwa limetapakaa karatasi nzima, akaiamuru mashine itafute kila mama na kuweka baba, zote kwa mpigo mmoja. Nakala mia tatu zikatoka. Hakuna aliyezisoma.

Kumbe mashine haijui mama ni nani. Inajua herufi tu. Ilipofika kwenye neno "kusimama" ikamwona mama amejibanza mle ndani, ikamtoa, ikamweka baba. Ratiba ikasema kwamba katika shida zote "alisibaba nasi". Ikasema akina baba watagawa maji ya kunywa, na akina baba, kwa kunung'unika, waligawa. Tulipofika kaburini, kifungua mimba wako, macho yamejaa machozi, akasoma kwa sauti kile kilichoandikwa:

"Wote mnaombwa kusibaba."

Kisha safu za nyuma, walipokuwa wanafunzi wako, zikainuka zote kwa pamoja. Wengine wameziba midomo, mabega yanatikisika. Kitinda mimba aliwaona. Wewe, ambaye n moja tu ilikutoa nyumbani na kopo la rangi, unazikwa kwa neno ambalo halipo, na wanafunzi wako wanacheka. Na aliyekufanyia hivyo ni binti yako mwenyewe.

Mwaka mzima hakuzipanda tena ngazi za darasa lako. Akimwona mwanafunzi wako, anavuka barabara kumkwepa. Alizunguka kwa ndugu na majirani akizidai zile ratiba, mia na kumi akazipata, akazificha chini ya kitanda. Mkeo akimwambia, "Mwanangu, hayo yamekwisha, keti ule," yeye anakula amesimama, anachungulia dirishani kama anayesubiri gari. Alijiapiza kwamba siku yako ya mwaka ikifika atakuomba radhi gazetini, mbele ya kila aliyeishika karatasi ile. Tangazo hili lilikusudiwa liwe ombi hilo la radhi.

Juzi akajikaza, akaenda kulichapa kwenye mashine yako. Darasa sasa liko mikononi mwa yule mkunga. Amesimama pale pale pako, mikono mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika siku yenyewe. Leo ni somo la nane, keti."

"Sikuja kusoma, mama. Nina tangazo la kuchapa, nikitoka hapa nalipeleka."

"Litapelekwa. Keti kwanza."

Akaketi kwa shingo upande, kwenye ncha ya kiti, mkoba uko begani. Mkunga akaanza kufundisha jinsi ya kutafuta neno na kulibadilisha: nenda moja moja, soma kila moja, usiiachie mashine. Kisha akawasimulia wanafunzi wapya habari ya mwalimu wao wa zamani. Kwamba ulipokuwa karani kijana katika ofisi ya shule, uliandika barua kuwaita akina mama wote kusimama langoni siku ya wageni. Dakika ya mwisho mwalimu mkuu akataka waje akina baba. Ukabonyeza mara moja, ukatoa barua, ukazituma. Siku ya siku akina baba wakajazana langoni wakiulizana kusibaba ndiyo kufanyaje. Mmoja alikuja na jembe, asije akaonekana mvivu.

Darasa likaangua kicheko. "Basi kila akimaliza somo hili," mkunga akasema, "alikuwa anatuambia, 'Haya, wote mnaombwa kusibaba.' Tunainuka, tunakwenda zetu."

Mkoba wa kitinda mimba ukaanguka chini. "Mama, unasema Baba alikuwa anawaambia nini?"

"Wewe hukujua?"

"Nyumbani hakuwahi kulitamka."

"Aliona haya. Alitwambia, 'Wanangu wanadhani mimi sikosei, waacheni wadhani hivyo hivyo.'" Mkunga akamsogelea. "Ila siku ile kaburini mlitufariji, mwanangu. Tulicheka huku tunalia. Tukasema, kumbe familia imetukumbuka hata sisi wanafunzi. Nani kati yenu alifikiria kuliweka neno lile?"

"Ni mimi. Lakini sikulifikiria. Nilibonyeza tu."

Mkunga akamtazama. Akacheka mpaka akashikilia ile mashine isiyowaka, kisha akamkumbatia kitinda mimba wako, na hapo ndipo binti yako akalia kilio alichokuwa amekizuia mwaka mzima.

Baba, tumekukasirikia kidogo, lazima tuseme. Miaka yote unaturudishia barua zetu makosa yamezungushiwa duara jekundu, kumbe una lako la jembe langoni! Ungetuambia. Tungekupenda vile vile, na huyu mtoto angekula amekaa.

Usidhani sasa tumetulia. Kitinda mimba ameanza tena kuzunguka, safari hii anazirudisha zile ratiba kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba. Dereva wako amepiga simu sasa hivi kuuliza ule mlango. Mkeo alipohadithiwa yote alikuwa amesimama katikati ya chumba, kikombe mkononi, hajui alikuwa anakwenda wapi. Akasema, "Kumbe mwaka mzima huu tumesibaba."

Tangazo hili hatukuliazima kwa mtu. Limechapwa neno kwa neno na limesomwa mara tatu. Kuna neno moja ambalo mashine imelipigia mstari mwekundu kila lilipotokea, na kitinda mimba wako ameuacha mstari wake. Karani wa gazeti tumemwandikia barua kabisa: lile neno asiliguse.

Tunaokukumbuka ni mkeo, ambaye chai yake imepoa tena. Kifungua mimba wako aliye njiani. Binti yako wa kati, muuguzi. Kitinda mimba wako, ambaye amelimaliza somo la nane. Wajukuu zako sita. Mkunga na darasa zima, pamoja na mashine ya kumi na mbili, ambayo bado inahudhuria. Hakuna siku utakayotutoka moyoni. Tumekuhifadhi.

Wote mnaombwa kusibaba.