Baba Hataki Kushika Mkono wa Bwana Harusi

Bi Nuria, shikamoo, naomba unishike mkono maana peke yangu sijiwezi. Naitwa Firdausi, nakaa Kibaha kikazi, kwetu ni Chole ya Kisarawe, na baada ya Idi naolewa, sasa baba yangu mkono wa kulia unatetemeka, daktari kasema ni ugonjwa wa Parkinson akampa vidonge, lakini leo vinamsaidia kesho havimsaidii, na kwa vile ana vidonda vya tumbo vya siku nyingi nimemwambia mama asimpe dawa bila glasi ya maziwa ya moto ili zisimchome, huku baba mdogo Mwinyijuma anasema vidonge hivyo vya kazi gani, aviache apelekwe kwa mganga, na baba mwenyewe kasema siku ya nikaha hamshiki mkono bwana harusi, atamwachia baba mdogo aniozeshe, eti watu wasije wakamcheka, nami nimesoma kwenye simu kwamba bakteria wa tumboni ndio wanaoleta ugonjwa huu, nataka nimnunulie antibayotiki apone kabla ya harusi. Ninunue? Namtaka baba yangu aniozeshe mwenyewe, kila nikiwaza nalia.

FIRDAUSI, KIBAHA

Marahaba mwanangu. Usinunue. Udaktari umeusomea lini? Ni kweli wataalamu wanachunguza uhusiano wa bakteria wa tumboni aitwaye H. pylori na ugonjwa wa Parkinson, lakini haijathibitishwa kwamba ndiye anayeuleta, na kumwondoa hakutamponya baba. Ila huyo huyo mara nyingi ndiye chanzo cha vidonda vya tumbo, na kuna uwezekano anazuia dawa ya baba isiingie mwilini sawasawa. Basi mpeleke akapimwe, kipimo ni cha choo au cha pumzi tu. Akikutwa naye, daktari ataandika dozi, na aimalize yote.

Halafu hayo maziwa. Nimerudia kusoma nikashika kichwa. Dawa kuu ya Parkinson haipatani na maziwa, wala nyama, wala maharage, vikiliwa pamoja. Mnampa dawa huku mnaizibia njia, tena kwa mapenzi. Muulizeni daktari wake, kwa kawaida humezwa kwa maji, nusu saa kabla ya kula. Huenda hilo peke yake likampa nafuu utakayoiona kwa macho. Na asiache vidonge hata siku moja, kuviacha ghafla ni hatari. Mwambie baba mdogo hivyo, kwa adabu, lakini mwambie.

Nikaha sasa. Ndoa inafungwa na kauli ya baba yako, na ulimi wake ni mzima. Mchumba wako aende Chole wiki hii, amwamkie, aseme mwenyewe: "Baba, naomba uniozeshe wewe." Na siku yenyewe aushike mkono huo kwa mikono yake miwili, asiuachie mpaka mzee amalize kusema.