Mpira Niliomfungia Oduol

Matongo,
Jumanne, 12 Septemba 1995

Kwako dada Dorka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta nyote wazima hapo Nyarero, wewe, shemeji Oduol na mtoto Akinyi. Baba mkwe wako, Mzee Ogada, mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Mimi mwili ni mzima, ila nina jambo linalonilemea, utaliona humu.

Barua yako niliipata Jumamosi kwa mkono wa Ryoba. Unasema shemeji hataki tena kushika usukani. Watu wa Sirari walipomwita aendeshe gari lao la mahindi alikataa, akawaambia yeye ni mtu wa kuua injini. Ukaniomba mimi, kwa kuwa ni fundi na ni ndugu yako, nije nimfundishe taratibu namna ya kupima oili ili asirudie kosa. Mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imelegea.

Unajua hali ya huku tangu mkanda mpya wa dhahabu uonekane. Watu wanaingia kila siku, wengine kutoka hata ng'ambo ya mpaka, Migori, na viroba vya mawe vinasubiri gari la kwenda kwenye karasha la kusagia. Lori la Mzee Machage, alilokuwa akiliendesha shemeji, lilikuwa halipumziki. Mwezi wa saba, shemeji akaliona linadondosha oili chini ya turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa ndani. Akaniletea. Mpira unaorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda chini ya injini ulikuwa umekauka na kupasuka.

Dada, mpira huo ni kitu kidogo, haufiki urefu wa mkono, lakini kuuchagua kuna kanuni. Method, fundi aliyenifunza Musoma, alinieleza kwamba oili ikishatoka kwenye turbo haisukumwi na kitu chochote, inaanguka kwa uzito wake, tena ikiwa na povu. Kwa hiyo mpira uwe mpana kama ule wa zamani, ushuke moja kwa moja bila kujikunja, na uwe wa aina inayovumilia oili ya moto. Nilimwahidi Mzee Machage, mbele ya wenye mawe wote, kwamba gari litatoka siku ileile. Nikaenda Tarime mjini, nikarudi na mpira, nikaufunga kwa klipu mbili. Shemeji aliinama akautazama, akaniuliza, "Okeyo, huu ni wa oili kweli?" Nikamwambia ni wa oili. Akaniamini, akapanda.

Siku ya nne, kwenye mteremko wa Nyamwaga, injini ilianza kujipiga resi yenyewe. Shemeji alizima swichi, haikuzima. Nyangwine, mwenye mawe aliyekaa pembeni yake, aliogopa akaruka, akavunjika mguu. Shemeji hakuruka. Alilisimamisha lori kwa breki kando ya migomba, akashuka, akavua koti lake na kulishindilia kwenye bomba la kuvutia hewa mpaka injini ikakosa hewa ikazima. Ndipo alipoungua ule mkono ambao wewe unamfunga kitambaa kila asubuhi.

Mzee Machage aliniita nifungue injini, kisha akatukusanya akaniuliza imekufa kwa nini. Nilisema dereva alizidisha oili. Shemeji alikuwa ameongeza oili kidogo asubuhi ile, basi akainamisha kichwa akasema labda ni kweli, mkono wake ulikosea. Akaachishwa kazi palepale. Nilisimama nikifuta spana ambayo haikuwa na uchafu.

Dada, oili haikuzidi. Niliipima mwenyewe kabla ya kufungua chochote, ilikuwa mahali pake.

Siku ile Tarime, mama Efrazia wa duka la spea aliupima mpira wa zamani, akaniambia wa aina ile utafika Alhamisi kutoka Mwanza, nisubiri. Nikauona mwingine ukining'inia wenye upana uleule. Akaniambia, "Huo ni wa maji ya rejeta, mwanangu. Oili ya moto itaulainisha." Nikamjibu kwamba najua, nautaka kwa ajili ya maji. Nilimdanganya mama wa watu kwa sababu niliona aibu kurudi Matongo mikono mitupu, na niliogopa kazi isije ikapewa fundi mwingine. Tena ulikuwa mrefu, ukalegea katikati kama tumbo. Nilipoutoa baada ya ajali ulikuwa umevimba ndani mpaka umeziba. Oili ilikosa pa kushukia, ikapenya kwenye njia ya hewa, na injini ikawa inaiunguza badala ya dizeli. Niliutupa kwenye shimo la dhahabu lililoachwa, kabla mtu hajauona.

Leo asubuhi nimemwambia Mzee Machage yote. Hakunitukana. Aliniambia nikusanye vifaa vyangu, akasema atamtafuta Oduol mwenyewe. Kutoka hapo nilikwenda kwa Nyangwine, akanisikiliza mguu ukiwa juu ya kigoda, akageuza uso kuelekea ukutani.

Jumapili baada ya ibada nitafika hapo nimwambie shemeji mbele ya baba yake. Lakini usinisubiri. Msomee barua hii sasa hivi, hata kama yuko malishoni mfuate, maana kila siku anayoamka akijilaumu ni mimi ninayemwibia. Mwambie mkono wake haukukosea, na kwamba aliniuliza vizuri, mimi ndiye niliyejibu vibaya.

Akinyi mpe mkono kwa niaba yangu, na majirani wote wanaoniulizia. Kama Jumapili hamtataka niingie ndani, nitazungumza nikiwa uani.

Ni mimi mdogo wako,
Okeyo