Karatasi Iliyosomwa na Watu Wawili

Mama yangu,

Mwaka unaisha tangu tukuzike kule Yanonge, na bado nikipata habari njema nakutafuta wewe kwanza. Leo ninayo.

Unakumbuka malaria iliyonishika hapa Kisangani, Ruti akiwa na miezi mitatu? Jirani yangu, tantine Marceline, alisema maziwa ya mama mwenye homa yameharibika. Nikamwamini papo hapo. Nikawa nakamua maziwa na kuyamwaga nyuma ya nyumba, mtoto nampa maji ya mchele kwa kijiko. Siku ya pili hata kulia alilia kwa tabu. Mimi huyo, na diploma yangu ukutani!

Ndipo ukafika na pirogi, mtumbwi wako wa mtoni, vikapu vyako vya samaki kichwani. Hukunipa hata pole. Uliuliza karatasi niliyopewa siku ya kujifungua iko wapi, nikaitoa chini ya valizi la nguo, bado imekunjwa. Wewe hukuwahi kukaa darasani, lakini kila karatasi ya biashara yako ilisomwa na watu wawili, mmoja asijue mwenzake amesema nini. Basi nikasoma mimi, ukanitoa nje, ukamwita mwalimu wa kwaya naye asome. Tulisema lile lile: mama mwenye malaria aendelee kunyonyesha. Bado hukuridhika. Ulinikokota hadi kwa muuguzi, ukamuuliza kuhusu vidonge nilivyokuwa nameza. Akasema havina shida.

"Umesoma miaka yote ile, halafu unangoja jirani akuambie mambo ya mutoto wako?" ulisema mbele ya watu wote. "Bon. Mupe ziwa."

Nilikukasirikia, mama. Lakini Ruti alivuta, akameza, na niliposikia anameza nililia.

Sasa kila siku ya kupima watoto mimi ndiye ninayewasomea wamama karatasi ile, kwa Kiswahili na kwa Lingala. Anayetikisa kichwa tu kama ameelewa namuuliza maswali mpaka anune. Wanasema nimekuwa wewe kabisa, nami najivuna bila aibu.

Habari yenyewe ni hii: Ruti amepita miaka miwili. Jana nilimwita anyonye, akaangalia ziwa, akaangalia majani ya muhogo kwenye sahani ya baba yake, akasema, "Mi nataka sombe." Tulicheka mpaka machozi. Hakuachishwa na homa, wala na jirani, wala na woga wangu. Ameacha mwenyewe, mama, ameshiba.

Pumzika. Tumeshinda.

Binti yako mbishi,
mama Ruti