Ua la Baba na Pua ya Mama

Jumamosi, tarehe 6

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, wewe, shemeji na wapwa zangu. Nina imani barua hii itawakuta wazima. Sisi tu wazima, ila mama bado analalamikia pua yake.

Dada, kichwa changu hakikai sawa. Mkuu wa bustani ya mji ameniagiza niandike historia ya okidi nyeupe, lile ua la baba, ichongwe kwenye kibao chini ya jina la baba. Mama atakizindua mwisho wa mwezi. Gauni ameshalipiga pasi mara mbili.

Historia yenyewe unaijua. Okidi ilipoletwa kutoka msituni, wakuu watatu kwa zamu waliipanda kwenye udongo, wakaimwagilia kila siku kama mchicha, wakaiozesha. Baba, wakati huo mfagiaji tu, akasema msituni huiona juu ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Wakamcheka, wakamuuliza kama na yeye hulala mtini. Akachukua shina la mwisho, akalifunga kwenye gogo kwa kipande cha shati lake, akawa analiacha likauke kwanza kabla ya kulimwagilia tena. Likachanua. Okidi zote za bustani ile zilikatwa kwenye shina hilo, na alipostaafu walimpa gogo lake aje nalo nyumbani.

Nilitaka tarehe kamili, nikafungua shajara zangu za zamani. Hapo ndipo nilipokwama.

Unakumbuka zamani ua lile likichanua lilivyojaza sebule nzima harufu. Tangu baba atutoke, mama anasema halinukii. Daktari amemchungulia pua, hakuona kitu. Wewe ukamwambia ni majonzi, na mimi nikaitikia. Niliitikia upesi mno.

Nisamehe, Dada. Baba alipolazwa aliniachia mimi gogo lile, akaniambia nisiliguse sana. Mimi na utaratibu wangu! Shajara inasema: tarehe 3, nimemwagilia. Tarehe 4, nimemwagilia. Hivyo hivyo mpaka tarehe 19: mizizi imeoza. Tarehe 20 nilinunua okidi nyingine nyeupe kwa muuza miche, nikaifunga kwenye gogo lile lile, kwa kitambaa kile kile. Baba hakurudi kuiona. Miaka tisa mama ananusa ua la kununua na kuilaumu pua yake.

Jana nilikusudia kumwambia. Nikamkuta ameliinamia gogo, akaniita kwa furaha, Karani njoo, leo limenukia, pua yangu imepona! Nikainama, nikavuta pumzi mpaka nikaona kizunguzungu. Sikusikia harufu yoyote. Sasa sijui kama mama anajidanganya kwa ajili ya kibao, au amejua siku nyingi na ananisitiri, au pua mbovu ni yangu.

Kile kipande cha okidi ulichokatiwa na baba ulipoolewa, kinanukia? Kama kinanukia, nikatie kidogo uje nacho mwenyewe kabla ya kibao. Nitamwambia mama nikiwa nimekishika mkononi, nawe ukiwa kando yangu.

Nisalimie wote hapo. Mama naye anakusalimu sana. Sijamwambia nimekuomba nini, lakini anasema ukija usijipulizie manukato, kuna kitu anataka kukinusa.

Mdogo wako,
Karani